Kijana Ajue Yeye ni wa Nani

(Maongezi haya yalitolewa kwa wazazi, walezi na vijana Wakristo wanaosoma shule za sekondari. Tumeyaandika hapa ili wanakisomo wayasome nyumbani na kuyazungumza katika vikundi vyao.)



Tunashukuru kwamba mmeacha kazi zenu mkaja. Tunajua pamba inangoja palizi. Wengine mmeacha mifugo kwa jirani. Kwa hiyo hatutazungusha maneno. Leo tunataka kusema juu ya jambo moja tu. Jambo lenyewe ni hili: kijana Mkristo anayesoma shule ajue yeye ni wa nani. Akijua hivyo ataweza mambo mawili. Ataweza kunyoosha mkono darasani bila hofu. Na ataweza kusema "hapana" mahali ambapo hapana inatakiwa.

Tunaona wako kati yetu ndugu zetu Waislamu, na wako wanaofuata dini za mababu. Karibuni sana. Mifano yetu ya leo ni ya Kikristo kwa sababu waliotuita ni Wakristo. Lakini mtoto ni mtoto. Mtakalolipata hapa, chukueni, mkalipime kwa mafundisho ya kwenu.

KUJIAMINI NI NINI?

Tuanze na neno lenyewe. Kujiamini ni kujua kwamba unaweza kujaribu, na kwamba hata ukikosea utu wako haupungui. Kijana anayejiamini haogopi kuuliza. Akikosea, anarudia. Akisifiwa, hapandi kichwa. Akitukanwa, hazimiki kama kibatari kilichopigwa na upepo.

Wazazi wengine wanaogopa neno hili. Wanasema: "Mkimfundisha mtoto kujiamini, atatupanda kichwani." La, si hivyo. Kujiamini ni kitu kingine na kiburi ni kitu kingine. Kiburi kinasema: "Mimi ni zaidi yako." Kujiamini kunasema: "Mimi ni mtu, na wewe ni mtu." Mwenye kiburi hapendi kusahihishwa. Anayejiamini anasahihishwa, anashukuru, anaendelea.

Sasa, kujiamini kunatoka wapi? Vijana wengi wanakujenga juu ya vitu. Mmoja anakujenga juu ya alama za mtihani. Mwingine juu ya viatu vipya na simu. Mwingine juu ya Kiingereza cha kupita puani. Haya, alama zikishuka je? Viatu vikichanika je? Akikutana na mwenye Kiingereza kizuri kuliko chake je? Basi huyo kijana anabaki mikono mitupu. Ni kama nyumba iliyojengwa juu ya mchanga wa mtoni. Wakati wa kiangazi inapendeza. Masika yakija, inakwenda na maji.

Mkristo anafundishwa msingi mwingine. Kitabu cha Mwanzo, sura ya kwanza, kinaeleza kwamba mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, mwanamume na mwanamke. Hakisemi mtu aliyefaulu. Hakisemi mtu wa mjini. Kinasema mtu. Halafu fungueni Injili ya Marko. Yesu anabatizwa katika mto Yordani, na sauti kutoka mbinguni inamwita Mwana mpendwa. Angalieni hapo vizuri. Katika Injili hiyo, wakati huo Yesu alikuwa bado hajahubiri. Alikuwa hajaponya mgonjwa hata mmoja. Alipendwa kwanza, kazi ikafuata.

Kijana aliyebatizwa naye anafundishwa hivyo hivyo. Anapendwa kwanza, mtihani unafuata. Hasomi ili apate kuwa mtu. Anasoma kwa sababu tayari ni mtu, na Mungu amempa akili aitumie.

VIJANA WANNE KATIKA SHULE YA UGENINI

Sasa tuwatazame wanafunzi wa zamani. Katika Biblia kuna kitabu cha Danieli. Kinaeleza habari za vijana wanne wa Yuda: Danieli, Hanania, Mishaeli na Azaria. Walichukuliwa mateka mpaka Babeli. Huko wakaingizwa katika masomo ya miaka mitatu. Wakafundishwa lugha ya ugenini na vitabu vya ugenini. Wakapewa chakula cha mfalme. Hata majina yao yakabadilishwa. Danieli akaitwa Belteshaza. Wenzake wakaitwa Shadraka, Meshaki na Abednego.

Mnaona? Ni kama shule ya bweni kabisa.

Vijana hawa walifanya nini? Hawakukataa kusoma. Hawakusema: "Elimu hii ni ya wapagani, hatuitaki." Walisoma kwa bidii. Lakini lilikuwepo jambo moja ambalo kwa imani yao lilikuwa mwiko, nalo ni kile chakula cha mfalme. Hilo walilikataa. Na hawakulikataa kwa kelele wala matusi. Danieli alimwendea msimamizi, akaomba kwa adabu wajaribiwe siku 10 kwa mboga na maji. Mwisho wa masomo, mfalme alipowapima, hakuonekana aliyewashinda.

Hapo tunapata mafunzo matatu. La kwanza, elimu haiondoi imani. La pili, mtu anaweza kubadilishiwa jina na nguo, lakini moyoni akabaki yule yule. La tatu, anayejiamini hukataa baya kwa heshima.

NGUO YA KUAZIMA

Mfano wa pili mnaujua wengi. Ni kijana Daudi, mchunga kondoo. Alipotaka kupigana na Goliathi, mfalme Sauli alimvika dirii yake na kofia ya shaba, akampa na upanga. Daudi akajaribu kutembea, wapi! Hakuvizoea. Akavivua. Akachukua fimbo yake, kombeo lake na mawe matano ya kijitoni. Alikwenda na kile alichokijua.

Wahenga wetu walisema nguo ya kuazima haisitiri makalio. Vijana wangapi leo wamevaa dirii ya Sauli? Mtoto anatoka kijijini, anafika bwenini, anaona haya kusema baba yake ni mvuvi. Anadanganya kwamba ni mfanyabiashara wa mjini. Anakopa nguo. Anageuza sauti. Anaficha kwamba anajua kukamua ng'ombe na kutengeneza wavu. Kila siku anaogopa kugunduliwa. Mtu anayeogopa kugunduliwa hawezi kusoma vizuri. Nusu ya akili yake inalinda uongo.

Hapa tuseme na juu ya lugha. Katika shule zetu za msingi za Serikali watoto wanasoma kwa Kiswahili. Wakifika kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanakuwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa anasema vizuri sana darasa la saba, ghafla ananyamaza. Akitamka neno vibaya, wenzake wanacheka. Baada ya mwezi mmoja anajiona mjinga. Jamani, si mjinga. Anajifunza lugha ya tatu! Ya kwanza ni ya kwao, ya pili ni Kiswahili, ya tatu ndiyo hiyo. Mwambieni hivyo. Mwambieni pia kwamba UNESCO imeitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani, na uamuzi huo ulitolewa mwaka 2021. Ajifunze Kiingereza kwa nguvu zote, kwa sababu ni chombo. Lakini chombo hakimpi mtu utu. Jembe zuri linamsaidia mkulima. Halimfanyi awe mtu.

Na asione haya kuuliza. Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 8, tunasoma habari za Mwafrika mmoja mkubwa, mtunza hazina wa malkia wa Waethiopia. Alikuwa ndani ya gari lake la kukokotwa, anasoma kitabu cha nabii Isaya. Filipo alipomuuliza kama anaelewa, yule bwana mkubwa hakujifanya. Alikiri kwamba hawezi kuelewa bila mtu wa kumwongoza. Akamkaribisha Filipo wakae pamoja. Waziri mzima! Basi mtoto wa kidato cha pili anaogopa nini kumuuliza mwalimu?

UKRISTO SI UZUNGU

Kuna kitu kingine kinachowachanganya vijana. Wanadhani Mkristo safi ni yule aliyefanana na Mzungu. Eti jina la ubatizo ni zuri, jina la babu ni la kishenzi. Hilo ni kosa, na historia inalikataa.

Ukristo ulifika Afrika zamani sana. Simoni, aliyemsaidia Yesu kuchukua msalaba, alitoka Kirene, mji uliokuwa katika nchi ambayo leo inaitwa Libya. Mtakatifu Augustino, mwalimu mkubwa wa Kanisa, alizaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo leo ni Algeria. Kanisa la Ethiopia lina umri wa zaidi ya miaka 1,600. Kwa hiyo kijana Mwafrika anapoingia kanisani haingii kama mgeni anayeombaomba nafasi. Anaingia kwa babu zake.

Na tumtazame mtu tunayemjua wote. Mwalimu Nyerere alianza shule mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12. Kabla ya hapo alikuwa mtoto wa kijijini Butiama kama watoto wengine. Alibatizwa mwaka 1943, akaitwa Julius. Lakini Kambarage hakulitupa. Alikwenda Uingereza, akasoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh mpaka mwaka 1952. Kiingereza alikijua barabara. Basi alikitumia kufanya nini? Aliwatafsiria Waswahili michezo miwili ya Shakespeare. Alikuwa Mkristo wa kusali kweli kweli, na alikuwa Mzanaki, na alikuwa Mtanzania. Mambo hayo matatu hayakugombana ndani yake.

WASOMAJI WA BUGANDA

Sasa tunafika kwenye jambo zito. Tunaomba tusikilizane.

Ng'ambo ya Ziwa letu, upande wa kaskazini, ni nchi ya Buganda. Wamisionari wa Kianglikana walifika huko mwaka 1877. Wa Kikatoliki walifika mwaka 1879. Vijana wengi waliokuwa wakitumika katika nyumba ya Kabaka walianza kujifunza dini. Kujifunza dini kulikuwa pamoja na kujifunza kusoma. Kabla ya vitabu vya Kiluganda kuwa tayari, walisoma pia maandiko ya Kiswahili. Watu wakawaita vijana hao "wasomaji". Ndiyo, jina lao lilikuwa wasomaji, kama sisi wa kisomo.

Mwaka 1884 Mwanga alikuwa Kabaka. Alikuwa kijana, na aliogopa kwamba wageni watamnyang'anya nchi. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa Kianglikana waliuawa kwa moto. Mwaka uliofuata mambo yakawa mabaya zaidi. Kabaka aliwataka vijana wa nyumbani mwake wafanye naye mambo machafu. Wale wasomaji walikataa. Mkubwa wao, Karoli Lwanga, aliwaficha wadogo na kuwalinda. Kabaka akawataka waache dini. Wakakataa tena. Tarehe 3 Juni 1886, huko Namugongo, Karoli Lwanga na wenzake waliuawa kwa moto, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Mdogo kabisa, Kizito, alikuwa na miaka kama 14 hivi. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza Wakatoliki 22 kuwa watakatifu mwaka 1964. Waanglikana nao wanawakumbuka wa kwao. Na tusisahau: kabla yao, katika miaka ya 1870, vijana Waislamu wa Buganda nao waliuawa kwa ajili ya imani yao.

Kwa nini tunasema haya leo? Hatutaki mtoto yeyote afe. Tunataka mlione jambo moja. Wale walikuwa watoto wa kutumwa. Aliyewaamrisha alikuwa mkubwa kuliko watu wote wa nchi. Alikuwa anawalisha na kuwavika. Walikuwa wamefundishwa tangu utotoni kwamba Kabaka hakataliwi. Lakini walikataa. Nguvu hiyo waliipata wapi? Walijua wao ni wa nani. Walijua mwili wao si mali ya mfalme.

KUSEMA HAPANA

Tulete sasa jambo hili nyumbani kwetu.

Msichana wa kidato cha pili anatembea kilomita saba kwenda shule. Mwenye pikipiki anampa lifti bure. Siku ya kwanza bure, siku ya pili bure, siku ya tatu anadai malipo mnayoyajua. Au mwalimu asiye na haya anamwambia: "Alama zako ziko mkononi mwangu." Au ni mjomba. Au, Mungu atusaidie, ni mtumishi wa kanisa anayesema ameoteshwa. Na wavulana nao wanafanyiwa haya. Tusidhani ni wasichana peke yao.

Mtoto tuliyemfundisha kwamba mkubwa hakataliwi kamwe, huyo atasema nini? Atanyamaza. Mtoto tuliyemwita "mjinga" kila siku, atadhani hana thamani ya kulindwa. Lakini mtoto anayejua kwamba Mungu anampenda, na kwamba nyumbani atasikilizwa, huyo anaweza kusema "hapana". Anaweza kukimbia. Anaweza kuja kueleza. Na hata kama alishindwa kukimbia, anajua kwamba kosa si lake. Kosa ni la aliyemtenda.

Heshima kwa wakubwa ni nzuri, na Biblia inaifundisha. Lakini heshima ina mpaka. Mkubwa akitaka dhambi, mtoto halazimiki kutii. Wazazi, wafundisheni watoto mpaka huo, tena kwa maneno wazi.

Na sheria iko. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016. Mtu anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari, au anayemwoa, anaweza kufungwa miaka 30. Katika polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Kuna pia namba ya simu ya kusaidia watoto, namba 116. Kuipiga ni bure. Iandikeni ukutani. Msimalize mambo haya kwa kupokea ng'ombe wawili usiku.

Je, msichana akipata mimba? Mwezi Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule kwa sababu ya mimba wanaweza kurudi kusoma. Mlango uko wazi. Lakini wengi hawaupiti, kwa sababu ya haya. Kanisani wananyoshewa vidole. Hapa sisi Wakristo tujiulize. Yesu alifanya nini na yule mwanamke aliyeletwa mbele yake ili apigwe mawe? Hakumpiga. Aliwatawanya wenye mawe, kisha akamwambia yule mwanamke aende, asitende dhambi tena. Basi na sisi tuweke chini mawe yetu, mtoto arudi shule.

MAOMBI NA KITABU

Vijana, sasa tunasema nanyi. Mtihani ukikaribia, wako watu wanaokuja na mafuta ya upako, maji ya upako, hata kalamu zilizoombewa. Wanawauzia wanafunzi. Wengine wanawaambia wafunge siku nyingi wakati wa kujisomea. Mtoto anaingia chumba cha mtihani na njaa, hajasoma, ana kalamu ya miujiza. Akishindwa anaambiwa ana imani ndogo, au amerogwa na shangazi. Basi ukoo mzima unagombana.

Ombeni. Hatusemi msiombe. Lakini mkulima Mkristo anaomba mvua akiwa na jembe mkononi. Hajalala barazani. Mwanafunzi naye aombe akiwa na kitabu mkononi. Sala inatuliza moyo, inaondoa hofu, inakumbusha wewe ni wa nani. Kisha unafungua daftari. Danieli aliomba, na alisoma miaka mitatu.

Tena shuleni kuna vyama vya wanafunzi Wakristo. Kuna UKWATA kwa Waprotestanti, na TYCS kwa Wakatoliki. Jiungeni. Huko mtoto anajifunza kusimama mbele ya watu, kuongoza sala, kuendesha mkutano, kutunza fedha za kikundi. Mtoto aliyekuwa hawezi kusema maneno matatu, baada ya mwaka mmoja anatoa taarifa mbele ya wenzake. Hivyo ndivyo kujiamini kunavyokomaa, kwa kufanya.

Na mtihani ukikuangusha? Lia kidogo, hakuna ubaya. Kisha amka. Petro alimkana Bwana wake mara tatu katika usiku mmoja, na bado alipewa kazi ya kulisha kondoo. Kuna kurudia mtihani, kuna vyuo vya ufundi, kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi. Mlango mmoja umefungwa, nyumba haijabomoka. Na ninyi wazazi, siku ya matokeo mabaya ndiyo siku ya kumweka mtoto karibu. Mtoto akifukuzwa mezani siku hiyo, atakwenda kula wapi?

KAZI YETU WAZAZI

Wazazi wengine watasema: "Sisi hatukusoma. Tutamsaidiaje mtoto wa sekondari?" Mtume Paulo anamkumbusha kijana Timotheo kwamba imani yake ilikuwa kwanza kwa bibi yake Loisi na kwa mama yake Eunike. Bibi na mama, nyumbani. Timotheo alikuja kuongoza kanisa akiwa bado kijana, na Paulo akamwambia asikubali kudharauliwa kwa ajili ya ujana wake. Msingi uliwekwa jikoni.

Basi tufanye mambo haya matano. Si mengi.

1. Tuache kumwita mtoto majina mabaya. Ukimwita punda kwa miaka kumi, usishangae akibeba mizigo ya kila mtu. Akikosa, mwambie kosa lake. Usiutukane utu wake.

2. Tumuulize kila siku swali moja juu ya shule, kisha tunyamaze tumsikilize. Si lazima tuelewe kemia. Yeye anataka kusikilizwa.

3. Tumwombe atusomee. Jioni akusomee sura moja ya Injili, au gazeti hili. Wewe nawe msomee ukurasa mmoja. Ukikwama, mwache akusahihishe. Ataona kwamba mtu mzima anaweza kukosea na bado akaheshimiwa. Somo hilo ni kubwa.

4. Tumweleze yeye ni mtoto wa nani. Jina lake lina maana gani. Babu yake alifanya kazi gani. Ukoo ulipita njaa ipi ukapona. Mtoto anayejua alikotoka haoni haya kusema ametoka kijijini.

5. Tusimfiche mtu anayemdhuru, hata akiwa ndugu, hata akiwa mzee wa kanisa.

Kazi hizi hazidai ada. Mwaka 2016 Serikali iliondoa ada mpaka kidato cha nne katika shule zake. Lakini moyo wa mtoto hauletwi na Serikali. Huo unajengwa nyumbani, neno kwa neno.

Ndugu zetu, yule aliyekuja kisomoni akiwa na miaka 50, akashika chaki kwa mkono uliozoea jembe, akaandika jina lake mbele ya majirani, huyo anajua kujiamini ni nini. Mikono ilitetemeka, lakini jina likaandikwa. Mkamweleze mtoto wenu habari hiyo leo jioni. Atawaelewa.

  Sasa ni zamu yenu kusema.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kiburi na kujiamini vinatofautianaje? Toeni mifano ya hapa kijijini.
2. Danieli alikataa kwa adabu. Kijana wetu anaweza kukataa mambo gani shuleni, na aseme maneno gani?
3. Ni majina gani mabaya tunayowaita watoto? Tuyaache vipi?
4. Kijiji chetu kinaweza kufanya nini ili wasichana na wavulana wafike shuleni salama?
5. Yuko mtoto hapa aliyeacha shule kwa sababu ya mimba au ya kushindwa mtihani? Nani atakwenda kumwona juma hili?

MANENO

Dirii: vazi la chuma la kujikinga vitani.
Kombeo: kamba ya kurushia mawe.
Mateka: mtu aliyekamatwa vitani.
Upako: kupakwa mafuta kwa ajili ya baraka.
Utu: hali na thamani ya kuwa mtu.